Oili ya giaboksi ya manuali: ipi ununue, ipi uiache dukani

Asubuhi za Juni na Julai kule Njombe, gari ya manuali hugoma kuingia gia namba mbili, kisha baada ya kilomita kadhaa inaingia laini kabisa. Wengi hushuku klachi. Kabla hujaifungua, angalia oili. Ikipoa inakuwa nzito, na ringi ya shaba ya sinkronaiza, ambayo lazima ikwangue utando wa oili ndipo ishike na kusawazisha mwendo wa gia na shafti, inachelewa kufanya kazi hiyo.

Dukani soma maandishi mawili: uzito, mfano 75W-90, na daraja la GL, mfano GL-4. Namba yenye W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi. Namba inayofuata baada ya kistari inaeleza uzito wake kwenye nyuzi 100. GL inaeleza nguvu ya dawa zinazolinda meno ya gia.

Kwa gari nyingi zinazotaka uzito wa 90, naweka mbele 75W-90 GL-4 ya sintetiki. Ikiwa moto ina uzito wa daraja lilelile la 80W-90, lakini asubuhi ni nyepesi zaidi. Bei yake inauma, ila giaboksi haibadilishwi oili kila mwezi. Anayeishi Mbeya, Limuru au Iringa asisite.

Ya pili ni 80W-90 GL-4 ya kawaida. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hakuna baridi ya kukusumbua, na hapo sioni sababu ya kulipa zaidi.

75W-80 naipa nafasi ya tatu kwa sababu moja tu: inunue pale kitabu cha gari kinapoitaja. Inaingiza gia kwa wepesi, lakini kwenye giaboksi iliyoundiwa 90 inakuwa nyembamba mno joto likipanda.

GL-5 wauzaji huisifu kuwa kali zaidi. Ni kali kweli, na ndiyo maana inafaa difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Dawa zake za salfa zinaweza kula shaba, na utelezi wake huifanya ringi ishindwe kushika. Baadhi ya gari zimeruhusiwa kuitumia. Kama yako haimo, iache.

Ya mwisho kabisa ni 85W-140. Fundi akikushauri uiweke ili kuzima kelele, kataa: beringi iliyochakaa inabaki imechakaa, na gia zitazidi kuwa ngumu.

Kitabu cha gari kina kauli kubwa kuliko mpangilio wangu. Honda nyingi za miaka ya 1990 ziliandikiwa oili ya injini, 10W-30 au 10W-40.

Siku ya kubadilisha, mwambie fundi alegeze kwanza nati ya kujazia, ndipo afungue ya kumwagia. Ya juu ikigoma wakati oili imeshamwagika, gari haitoki hapo gereji.