Kuiga sauti au kukata silabi?

Neno refu la Kiingereza kama "responsibility" unaweza kulikabili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusikiliza sauti kwenye kamusi ya mtandaoni na kuiiga. Ni ya haraka, na inakupa kitu ambacho tahajia haikupi: mahali pa mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu hukimbilia "ri-spon-si-bi-LI-ti". Kiingereza hukaza silabi ya nne kati ya hizo sita: "ri-spon-si-BI-li-ti". Tatizo ni kwamba sauti hupita mbio, katikati ya neno humezwa, nawe unabaki kuiga nusunusu.

Njia ya pili ni kulikata. Mimi huanzia mkiani: ti, liti, BI-liti, si-BI-liti, spon-si-BI-liti, kisha lote. Kila hatua unaelekea sehemu ambayo ulimi umeshaizoea, na mkazo haubanduki mahali pake. Inachosha, kweli, lakini kwa neno lenye silabi tano na kuendelea naichagua hii bila kusita. Maneno mafupi, kuiga kunatosha.

Ila sikiliza kwanza ndipo ukate. Ukisoma silabi kama zilivyoandikwa, utazoea kosa.