Shela la matabaka mawili: lipi ununue Kampala, lipi uliache dukani

Jumamosi nyingi za Desemba hunikuta nimepiga magoti nyuma ya bibi harusi, pini zimejaa mdomoni, na ninachorekebisha si nywele wala gauni. Ni shela. Limenunuliwa kwa kutazamwa mgongoni: mkia mrefu, shanga, lesi pembeni. Tabaka la mbele, lile la kufunika uso, hakuna aliyelikagua dukani. Na ndilo lenye kazi siku hiyo. La nyuma linafuata tu. La mbele ndilo bibi harusi anaonea njia, anapumulia, analia ndani yake, na ndilo linaloinuliwa kanisa zima likiwa kimya.

Kwa hiyo mashela haya nimeyapanga kwa swali moja: tabaka la mbele likoje? Ukiona shela zuri nimeliweka chini, ujue limeanguka hapo.

Kwanza ujue unanunua nini. Shela la matabaka mawili, mara nyingi, ni kipande kimoja tu cha neti. Fundi anakata kama sentimita 180, anahesabu 75 kutoka ncha moja, anakunja pale, anapitisha uzi kwenye mkunjo na kuvuta marinda, kisha anashonea kitana. Zile 75 zinaanguka usoni mpaka kifuani. Zilizobaki, 105 hivi, zinashuka mgongoni mpaka kwenye vidole vya mtu wa kimo cha kawaida. Ukiwa mrefu, ongeza nyuma. Mbele usiongeze sana. Tabaka la mbele likifika kiunoni, bwana harusi atalivuta kama anayepandisha pazia la dirisha. Likiishia kidevuni, unafanana na mtu aliyevaa kofia ya mfuga nyuki.

Jambo la pili ni upana, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Neti huuzwa kwa mita. Nyembamba huwa kama sentimita 150, pana hukaribia mita 3. Muuzaji atakusifia ile pana kwamba inajaa. Kweli inajaa, lakini mita 3 ukizivuta marinda mpaka zienee kwenye kitana cha sentimita kumi, neti inajikunja juu yake yenyewe mara nyingi, na uso wako unapotea nyuma ya ukungu. Kwa shela lenye tabaka la mbele, sentimita 150 zinatosha kabisa. Ukipenda mjazo, fundi aweke vipande viwili, nyembamba mbele na pana nyuma.

La kwanza: la kushonesha, neti laini, bila shanga mbele

Hili ndilo ninalomshauri kila anayeniuliza. Unanunua neti mwenyewe Kiyembe, mtaa wa maduka ya vitambaa katikati ya Kampala, unampelekea fundi pamoja na kipande cha kitambaa cha gauni lako, na unalipia kazi ya saa chache. Hutoka kwa bei ya chini kuliko la dukani linalofanana nalo, maana kwenye duka la maharusi unalipia pia kioo, kochi na kodi ya ghorofa.

Mwaka jana nilikwenda Kiyembe na bibi harusi mmoja na shangazi yake. Kijana wa duka akatuvutia bando la neti inayong'aa, akaikunjua mezani kwa mbwembwe. "Nyabo, hii ndiyo wanayochukua wote."

Nikaichukua ncha, nikaitandaza juu ya mkono wangu. Ikasimama kama mwavuli.

"Wote wanaochukua hii wanashonea chini ya gauni lipate kujaa, kaka. Nipe ya shela."

Akacheka, akainama chini ya meza, akatoa nyingine iliyofungwa kwa karatasi. Hiyo nilipoitandaza ilianguka pande zote mbili za mkono kama maji. Shangazi, aliyekuwa kimya tangu tuingie, akasema ile ya kwanza ilimkumbusha chandarua cha serikali. Hakukosea sana.

Kipimo chenyewe ni hicho, hakihitaji utaalamu. Neti ya shela huanguka, neti ya kushonea chini ya gauni husimama. Ukishapata inayoanguka, isugue taratibu shingoni, si kiganjani, maana kiganja hakijui mkwaruzo. Kisha toka nayo mlangoni kwenye mwanga wa jua, funika simu yako, usome ujumbe mmoja. Ukisoma bila kukunja macho, utaona ngazi za kanisa. Hapohapo mlangoni linganisha rangi na kile kipande cha gauni. Chini ya taa za duka, nyeupe kabisa, nyeupe ya maziwa na krimu huonekana ndugu wa tumbo moja. Nje kwenye jua zinakanana. Gauni la krimu na shela jeupe kabisa hulifanya gauni lionekane halikufuliwa.

Mwambie fundi pindo la mbele aliache lilivyokatwa, au alipitishie uzi mwembamba tu. Neti haifumuki, haihitaji kukunjwa. Utepe wa satini pembeni unapendeza nyuma, lakini mbele unachora mstari mzito katikati ya kifua kwenye kila picha. Shanga kama huwezi kuziacha, zikae nyuma, kuanzia mabega kushuka. Shanga mbele huvuta neti ikabandika puani, na nimewahi kuona moja ikinasa kope za kubandika na kuondoka nazo shela lilipoinuliwa. Bibi harusi yule alikula kiapo na jicho moja lenye kope na moja bila.

La pili: la kudondoka, lisilo na marinda

Hili halina kitana wala mvuto wa uzi. Ni neti imekunjwa tu matabaka mawili, la mbele fupi, la nyuma refu, na linawekwa kichwani na kushikwa kwa pini. Kwa anayevaa hijabu hili kwangu linapanda namba moja. Mimi nimekulia Bombo, mji wenye Waislamu wengi kaskazini mwa Kampala, na wasichana wetu wengi wa nikahi niliowavisha wametoka na hili. Unaanza na kofia ya ndani ya pamba, juu yake skafu isiyopenya mwanga, kisha shela. Pini ndogo za kufunga zipite kwenye shela na skafu pamoja, mbili juu ya masikio na moja nyuma. Skafu ya hariri tupu bila kofia ya pamba chini yake huteleza, na shela linateleza nayo.

Wenye nywele fupi pia linawafaa hili. Kitana hakishiki kwenye nywele za sentimita mbili, hata ukikisukuma vipi. Ama uvae la kudondoka, ama fundi ashonee shela kwenye mkanda mwembamba wa rangi ya nywele zako.

Kasoro yake ni upepo. Makanisa ya Namirembe na Rubaga na msikiti wa Kibuli vyote viko juu ya vilima, na ukitoka mlangoni tu upepo unalichukua. Ongeza pini kabla ya kutoka nje.

La tatu: la kukodi

Mimi mwenyewe niliolewa na shela la kukodi. Nililipokea jioni, nikalipima mbele ya kioo na taa ya manjano, nikaridhika. Asubuhi nikalivaa. Picha zilipokuja ndipo tulipoona: kwenye tabaka la mbele, sawasawa na mdomo wangu, kulikuwa na alama ya rangi ya mdomo ya bibi harusi mwingine, nyekundu iliyokolea, na mimi nilipaka ya kahawia. Katika kila picha ya kuingia nina midomo minne.

Kukodi si kubaya. Kwa shela utakalovaa kwa muda wa saa nne tu, ni hesabu nzuri kuliko kununua ghali. Ila lifungue lote dirishani mchana, tabaka la mbele kwanza, kutoka kwenye marinda mpaka kwenye pindo. Piga picha kila doa na kila tobo kabla hujatoa amana, la sivyo utayalipia wewe. Hesabu meno ya kitana. Uliza lilifuliwa lini, kisha linuse, pua haidanganywi na jibu.

La nne: la mivumba, yaani la mtumba

Watu hucheka nikisema soko la Owino. Acha wacheke. Kwenye marobota huja mashela ya neti laini sana, ya kazi safi, yaliyovaliwa mara moja Ulaya na kukaa kabatini. Shida ni kwamba hupati unalolitaka, unapata lililokuja, na umanjano wa kukaa muda mrefu hujificha kwenye mikunjo. Lichukue kama mkunjo uko safi. Lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, ukilibonyeza tu bila kulikamua. Usitie jiki. Neti nyingi laini ni nailoni, na jiki inaigeuza nailoni kuwa ya manjano badala ya kuing'arisha. Mavazi mengine ya mivumba nina maoni yangu, lakini leo tuko kwenye mashela.

La tano: la kuagizia mtandaoni

Picha inampendeza kila mtu kwa sababu inapigwa kwa nyuma. Tabaka la mbele hulioni. Likija limebanwa kwenye pakiti ndogo kama leso, na mbele lina sentimita 45, huna wa kumrudishia. Ukiagiza, agiza miezi miwili kabla, na usome vipimo vya matabaka yote mawili. Ukiandikwa urefu mmoja tu, ujue ni wa nyuma.

La mwisho: lesi ya mita 3

Najua. Ndilo zuri kuliko yote likiwa limetundikwa. Lakini mengi ya haya yana tabaka moja, halifuniki uso, na ukilazimisha kulivuta mbele lesi nzito inakugeuza mtu aliyefunikwa kitambaa cha meza. Linaburuta, na ardhi yetu ni nyekundu: hatua kumi kutoka garini mpaka mlangoni na pindo limekuwa rangi ya tofali. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usilifikirie kabisa. Ukiwa na kanisa lenye njia ndefu, zulia mpaka nje, na wasaidizi wawili wasiotaka kupiga picha zao wenyewe, sawa, likodi. Usilinunue.

Neno moja kwa wanaoulizia kuhingira, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Kule Ankole, magharibi mwa Uganda, bibi harusi huvaa mishanana, vazi la kitamaduni la kujitanda, na kichwa mara nyingi hufunikwa kwa kitambaa kinachoendana nayo. Hilo si shela la neti, na usijaribu kuokoa hela kwa kuvaa moja kotekote. Shangazi zako watakuona. Kwenye kwanjula ya Baganda, sherehe ya utambulisho, nako gomesi, gauni lao la kitamaduni, halihitaji shela.

Kulivaa

Shela ndilo la mwisho kuvaliwa, baada ya nywele, gauni, hereni na rangi ya mdomo kukauka. Rangi ya mdomo isiwe ya kunata. Kitana kiingie kikiwa kimeelekea paji la uso kwanza, kisha kigeuzwe kulalia nyuma na kusukumwa ndani. Kama unashonewa nywele za bandia (weave), mwambie msusi tangu mwanzo akuachie tuta moja la msuko juu ya utosi lisiloshonewa nywele, kitana kishike hapo. Kikishika kwenye nywele za kushonea tu, kumbatio la kwanza la shangazi linaondoka nalo. Mbele ya kitana weka pini mbili zilizopishana.

Mikunjo iondoe kwa mvuke. Litundike bafuni huku maji ya moto yakitoka, au lipitishe mbali kidogo na mvuke wa birika. Pasi ikibidi, iwe ya moto mdogo kabisa na kitambaa cha pamba katikati, kwa kuwa nailoni inayeyuka na haikuonyi. Hiyohiyo ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu na udi. Kwetu Bombo bibi harusi hatoki bila shela kufukizwa, na sitasema liachwe. Lakini chetezo kikae sakafuni, shela lishikwe juu na watu wawili kwa kimo cha kifua, na mtu asipulize makaa. Cheche moja ndogo iliwahi kututoboa tundu la ukubwa wa punje ya mtama, mbele, karibu na jicho la kushoto. Tulikata pale na kushonea ua dogo la lesi. Wageni wakadhani ni mtindo.

Garini, tabaka la mbele likae limerudishwa nyuma, na la nyuma likunjwe mapajani, usilikalie. Mlangoni ndipo msimamizi alishushe.

Kuliinua kunahitaji mazoezi, na mwenye kuhitaji mazoezi ni bwana harusi. Ashike pembe mbili za chini kwa kidole gumba na cha shahada, apandishe mikono mpaka juu ya kichwa chako, ndipo apeleke nyuma na kuachia. Asivute kuelekea kwake. Ukiwa mrefu kumpita kwa sababu ya viatu, kunja magoti kidogo ndani ya gauni, hakuna atakayeona. Fanyeni mara tatu nyumbani kwa kanga.

Ukumbini, shela livuliwe kabla ya keki. Keki zetu siku hizi huja na fataki zinazorusha cheche mpaka usawa wa uso, na neti hushika moto kwa haraka kuliko unavyoweza kupiga kelele. Msimamizi anachomoa pini mbili, kitana kinatoka, shela linaingia kwenye foronya safi ya pamba. Si kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, hata likiwa la kukodi.