Helios-44 ya rangi ya fedha: miaka miwili na lensi, adapta mbili na robo ya milimita

Miezi minne ya kwanza niliamini kabisa kwamba nimeuziwa lensi mbovu. Uso wa mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu ulitoka safi, kope moja moja. Lakini mti ulio ng'ambo ya uwanja haukutulia hata nilipozungusha pete ya fokasi mpaka mwisho. Nilishaanza kuandika tangazo la kuiuza. Kilichoniokoa ni kalipa ya vernia, kifaa cha kupimia unene, niliyoazima kwa rafiki. Leo hii ndiyo lensi inayokaa kwenye kamera yangu siku nyingi kuliko zote, na naandika haya kwa sababu naona watu wanailaumu lensi ya zamani kwa kosa la kipande cha chuma kinachoishikilia.

Lensi yenyewe ni Helios-44, 58 mm f/2 (urefu wa fokasi mm 58, na tundu la mwanga linafunguka mpaka f/2; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), toleo la mwanzo: mwili wa alumini wa rangi ya fedha, uzi wa M39, yaani wa kipenyo cha mm 39, na vibapa 13, vile vijani vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Imetoka kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, na ilitengenezwa kwa ajili ya kamera za Zenit. Wengi wanamjua mdogo wake, Helios 44-2, ile nyeusi ya uzi wa M42 na vibapa 8 ambayo imezagaa kila mahali. Zote mbili asili yake ni Biotar 58 mm f/2, lensi ya kampuni ya Kijerumani ya Carl Zeiss Jena, kazi ya msanifu Willy Merté: vioo 6 katika makundi 4. Kwenye pete ya mbele kuna nembo ya mche wa kioo unaopitiwa na mwale, na herufi nyekundu ya Kirusi, П, ikimaanisha kwamba vioo vimepakwa utando wa kupunguza mwakisiko. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ya lensi mara nyingi ndizo mwaka wa kutengenezwa. Yangu inaanza na 59.

Niliitafuta hii badala ya 44-2 kwa sababu ya vile vibapa 13. Ukifunga 44-2 kidogo tu, nukta za mwanga zilizo nyuma ya mtu unayempiga picha zinaanza kuonyesha pembe nane. Kwenye hii zinabaki duara hata kwenye f/4. Nina picha ya mtoto aliyekaa chini ya mti baada ya mvua, jua liko nyuma yake, na kila tone kwenye majani limekuwa sarafu ya mwanga isiyo na pembe. Sijapata kitu kama hicho kwenye lensi yangu mpya yoyote.

Halafu kuna ule mzunguko wa usuli ambao ndio uliolipatia jina la Helios umaarufu. Hauji kila mara, na wengi wanakata tamaa kwa sababu hawajaambiwa namna ya kuuita. Kwenye kingo za picha pipa la lensi hukata sehemu ya mwanga unaoingia kwa mshazari, hivyo nukta ambazo katikati ni duara hugeuka kuwa kama jicho la paka kadiri zinavyokwenda pembeni. Kasoro ambazo usanifu huu hauzisahihishi kingoni zinaongeza chumvi, na yale macho ya paka yote yanajipanga kukizunguka kitovu cha picha. Kwa hiyo fungua f/2, msogelee mhusika mita moja na nusu au mbili, na hakikisha nyuma yake, mita kadhaa, kuna majani yanayopitisha vitobo vya anga. Ukuta mtupu hautakupa chochote. Na kamera iwe ya sensa kubwa, maana sensa ndogo ya APS-C inakata zile kingo ambako mambo yote yanatokea, na lensi inakuwa kama ya 87 mm.

Sasa nije kwenye adapta, kile kipande cha chuma kinachoiunganisha lensi na kamera.

Nilinunua ya kwanza kwa kusoma neno moja tu kwenye maelezo: M39. Ilifunga vizuri, uzi uliingia bila shida, nikawasha kamera yangu ya Sony. Ukungu. Karibu ukungu, mbali ukungu, kila kitu ukungu. Muuzaji aliniambia kwa uhakika kwamba tatizo ni lensi. Kumbe kuna M39 mbili. Ile ya kamera za Leica za zamani imepangwa lensi ikae mm 28.8 kutoka kwenye filamu, kwa sababu kamera zile hazina kioo cha kupinduka ndani. Zenit ina kioo kile, kinahitaji nafasi ya kunyanyuka, kwa hiyo lensi zake hukaa mm 45.2. Mdomo wa Sony E, yaani mahali lensi inapofungwa kwenye kamera yangu, uko mm 18 mbele ya sensa. Adapta ya Leica kwa hiyo ina unene wa mm 10.8, na lensi ya Zenit ikiwekwa juu yake inakaa mm 16.4 karibu kuliko inavyotakiwa. Hakuna pete ya fokasi inayoweza kufidia pengo la namna hiyo. Uzi wa mm 39 unafanana machoni na hata mkononi, na hapo ndipo mtu mwenye lensi nzima anaitangaza kuwa imekufa.

Ya pili ndiyo njia ambayo wengi tunaitumia: adapta ya M42, pamoja na kipete chembamba cha uzi kinachopunguza mm 42 kuwa mm 39. Hapa picha zikaja, na nyingine zilikuwa nzuri sana. Ila mbali hakukufikika. M42 hupimwa mm 45.46, Zenit M39 mm 45.2. Tofauti ni mm 0.26, unene wa karatasi mbili tatu. Nilidhani ni kitu kidogo mno kuleta madhara, mpaka nilipokaa na kalamu. Lensi ikisogezwa mbele kuliko inavyopaswa, umbali wa mwisho inaoweza kuufikia unakaribia mraba wa urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kosa lenyewe. Mm 58 mara 58 ni 3,364. Gawanya kwa 0.26, unapata kama mm 12,900. Mita 13! Kila kilicho mbali kuliko hapo hakifikiki. Mti wangu wa ng'ambo ya uwanja ulikuwa mbali zaidi ya mara tatu ya hapo.

Na kuna jambo linalowapoteza wengi: tatizo hili linajificha ukifunga tundu. Kwenye f/2, kosa la mm 0.26 linaifanya nukta ya mbali iwe doa la mm 0.13 kwenye sensa, doa linaloonekana waziwazi. Kwenye f/16 doa lile linashuka mpaka karibu mm 0.016 na picha inaonekana safi. Kwa hiyo ukipewa picha za mandhari kama ushahidi kwamba lensi na adapta ziko sawa, uliza zimepigwa kwa f ngapi.

Kipimo changu siku hizi ni mwezi. Weka kamera kwenye mguu wa kamera (tripodi), fungua f/2, kuza picha kwenye skrini mpaka mwisho, zungusha pete taratibu kuelekea alama ya ∞, yaani upeo, mbali kabisa. Kwa adapta ile mwezi ulibaki donge la pamba lisilo na ukingo.

Lensi nyingine zinakuruhusu kulegeza skrubu ndogo za pete ya fokasi na kuisogeza pete ili uzi uingie ndani zaidi. Ukiweza hivyo, fanya hivyo. Kwenye yangu uzi ulikuwa umeshafika mwisho, nafasi haipo. Kuisaga lensi ya mwaka 1959 siwezi kumshauri mtu yeyote, hata kidogo. Adapta zinatengenezwa kila siku, lensi hizi hazitatengenezwa tena. Nikaamua kusaga adapta.

Kalipa ilisoma unene wa adapta mm 27.44. Nilichohitaji ni 27.20 (45.2 kutoa 18), au pungufu kidogo ili lensi ipite upeo kwa unywele mmoja. Nilifungua skrubu nne na kuutoa upande unaoshika kamera, kwa sababu unga wa alumini ukibaki mle utaishia kwenye sensa. Nikabandika msasa namba 400 juu ya kipande cha kioo bapa, nikaudondoshea maji, na kuisugua adapta kwa mwendo wa namba nane, vidole vitatu vikiwa vimegawana uzito. Kila baada ya mizunguko 20 niliigeuza robo, nikaifuta, nikairudishia sehemu yake na kupima sehemu nne kuizunguka. Usipime sehemu moja. Upande mmoja ukiwa chini kwa mm 0.05, umeinamisha lensi, na kona moja ya picha itakuwa laini kuliko nyingine siku zote. Kazi ilichukua jioni mbili. Nilimalizia na msasa namba 800, sehemu zote nne zikisoma 27.18, nikaosha kwa maji ya sabuni na brashi ya meno, nikaacha ikauke usiku kucha. Usiku uliofuata mwezi ulikuwa na ukingo kama uliokatwa kwa wembe, na madoa yake meusi yalihesabika. Nilikaa nje nikiutazama kwenye skrini kwa muda mrefu.

Kuhusu matengenezo ya ndani, yangu ilifika na grisi iliyokauka mpaka pete ya fokasi ilihitaji mikono miwili. Hii ni kawaida kwa umri wake na isikutishe. Kinachopaswa kukutisha ni kuvu. Mulika tochi kutoka nyuma, angalia kwa mshazari, tafuta nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Zikiwa zimekaa muda mrefu zinakuwa zimeshakula ule utando uliopakwa kwenye kioo, na hata ukisafisha, alama inabaki. Mafuta kwenye vibapa, kwa upande mwingine, si kilio kikubwa kwenye lensi hii. Haina springi ya kufyatua vibapa: una pete moja ya kuchagua f, na nyingine ya kufunga kwa mkono, laini, bila mlio. Mafuta hayawezi kuichelewesha. Ila fuatilia, kwa sababu mvuke wake huenda ukatua kwenye vioo.

Kubadili grisi kunahitaji utenganishe uzi wa fokasi, na hapa nilifanya kosa lililonigharimu wikendi nzima. Uzi huu una mianzo mingi, si mmoja kama wa skrubu. Lazima ujue ni wapi hasa vipande viwili viliachana, la sivyo vinaingia mahali pasipo pake, pete inazunguka vizuri, na fokasi inakuwa ya uongo. Nilijua hilo. Niliweka alama kwa kalamu ya wino, kisha nikavisafisha vipande kwa nafta, ile ya kujazia viberiti vya chuma, na nafta ikafuta wino wote. Nilijaribu mwanzo mmoja baada ya mwingine mpaka nikapata ulio sahihi. Chora alama kwa ncha ya sindano, mkwaruzo mdogo ndani ambako hautaonekana, na piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Grisi iwe ya uzito wa kati iliyotengenezwa kwa ajili ya lensi, tabaka jembamba tu. Vaselini inayeyuka kwenye joto na kusafiri. Na vibapa 13 usivitoe kama havijakwama. Mimi sijavigusa.

Kwenye matumizi ya kila siku, iambie kamera ikubali kupiga bila lensi, maana haitaitambua, na andika 58 mm kwenye kitulizaji cha mtetemo kama kamera yako inakuruhusu. Kwa fokasi mimi nakuza jicho la mhusika kwenye skrini, nazungusha, napiga. Polepole, ndiyo. Watoto wanaokimbia nawapiga kwa lensi nyingine.

Jua likiingia mbele, rangi zinapauka na pazia jeupe linashuka kwenye picha nzima. Utando wa tabaka moja wa miaka ile hauna nguvu ya kuuzuia. Wengine wanalipenda pazia hilo. Mimi nimefunga kikinga jua cha chuma cha mm 49 na sikivui, isipokuwa asubuhi zenye ukungu, ambapo naacha mwanga uingie unavyotaka.

Ninayo sasa lensi ya pili mezani, ya uzi uleule wa mm 39, imekuja bila karatasi wala kifuniko. Kabla sijaifunga kwenye kamera nimeipitishia mwanga wa dirishani na kusogeza karatasi nyeupe nyuma yake mpaka dirisha likajichora. Limejichora karibu kabisa na mgongo wa lensi, sentimita tatu hivi. Hii ni ya Leica. Ile adapta yangu ya kwanza, ya mm 10.8, bado ipo kwenye droo.