Picha za Tingatinga za kima punju: ubao au kitambaa?

Kama picha ya kima huyu wa Zanzibar ni ya kutundika ukutani miaka na miaka, nunua ya ubao. Zile za kitambaa cha pamba, zinazouzwa zimeviringishwa kama mikeka kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, zinamfaa msafiri, na hata yeye azikague kwanza.

Rangi ni ileile ya mafuta ya gloss aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alipoanza kuchora kwenye ubao wa hardboard Dar es Salaam mwaka 1968. Inang'aa, na vumbi lake hufutika kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ubaya wake, ikishakauka haipindiki vizuri: iliyopakwa nene hupasuka kwenye mkunjo. Tena juu hukauka mapema huku ndani ikiwa bado laini, hasa wakati wa masika. Bonyeza kwa kidole sehemu nene, mara nyingi ni weupe wa tumbo la kima. Alama ikibaki, usiiviringishe. Ikiwa kavu, viringisha upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba pana.

Sasa mnyama mwenyewe. Kima punju ana mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, uso mweusi wenye midomo na pua ya waridi, na nywele nyeupe zilizotimka kuzunguka uso. Picha za bei rahisi humpaka kahawia mwili mzima, rangi moja kutoka koponi. Hesabu vidole vya mkono: viwe vinne, maana dole gumba lake ni kinundu tu. Mkia unaning'inia, ukiuona umejisokota kwenye tawi, huyo ni kima wa Amerika ya Kusini.

Halafu kuna zinazomweka chini ya Mlima Kilimanjaro! Asili yake ni Unguja peke yake. Hifadhi ya Jozani ina kilomita za mraba 50 hivi, na wengine wanaishi nje yake, kwenye mashamba na vichaka vya ardhi ya mawe, vinavyokatwa kwa ajili ya kuni na mkaa. Picha inayodai kumtetea ionyeshe miti ya mikungu, mikoko na visiki. Hata kima anayetafuna mkaa si mzaha, hula kweli.

Ukiagiza, yataje hayo kabla fundi hajaanza: usuli, yaani mandhari ya nyuma, hutangulia, rangi zake huchanganywa zikiwa mbichi, na ukishakauka kuurekebisha huacha baka.