Pati za baga mbichi za vegani: kikaushio cha feni ya nyuma au cha trei za kupandana?

Tazameni pati hizi mbili, yaani vile vidonge bapa vya kuweka ndani ya baga, hivi vyetu bila nyama wala kitu cha mnyama. Mchanganyiko ni uleule, zimetoka bakuli moja, zimetengenezwa kwa ringi moja, zimekaushwa kwa saa zilezile. Hii ya kushoto naikunja kidogo, inakubali, haivunjiki. Hii ya kulia imefanya gome juu, lakini nikiikata katikati, mnaona? Bado uji mtupu, na ukiinusa imeshaanza kuchachuka. Ya kwanza ilikaa kwenye kikaushio cha chakula chenye feni nyuma. Ya pili ilikaa kwenye kile cha trei za kupandana, juu ya karatasi ya silikoni. Basi leo tunavichambua vikaushio hivyo viwili, tutagusa fudi prosesa, ile mashine ya kukatakata chakula, na tutazungumzia kifaa kidogo kuliko vyote ambacho wengi hawakifikirii kabisa wanapoanza kutengeneza pati mbichi: mizani.

Tuelewane kwanza juu ya neno "mbichi". Walaji wa vyakula visivyopikwa huweka kikomo cha joto kati ya nyuzi 42 na 48 za Selsiasi, kila mmoja na msimamo wake. Hapa tunashika 46. Kwenye pati iliyopikwa, moto ndio unaoshikisha: protini inaganda, wanga unavimba. Huku hakuna moto. Pati inashikwa na vitu viwili tu, ute wa mbegu za kitani, zile wengine wanaziita flaksi, na maji kuondoka. Maji yakibaki mengi pati itamomonyoka, hata mashine iwe ya bei gani.

Tuanze na kikaushio cha trei za kupandana, kile cha mviringo. Feni yake iko chini, au juu kwenye mfuniko, na hewa inapanda ama kushuka ikipita kwenye matundu ya trei moja baada ya nyingine. Kwa kukausha vipande vya embe au majani ya chai, hakina ubaya. Kwa pati kina tatizo la umbo lenyewe. Pati mbichi ni laini mno saa za mwanzo, huwezi kuiweka juu ya wavu mtupu, itazama kwenye matundu na kung'ang'ania. Lazima utandike karatasi ya silikoni. Sasa karatasi hiyo inaziba njia ya hewa! Trei ya kwanza inapata upepo, za mbele yake zinapata mvuke uliotoka kwa mwenzake. Ndiyo maana ile pati imekuwa vile.

Kama tayari unacho, usikitupe. Kata karatasi vipande vidogo vyenye ukubwa wa pati yenyewe ili hewa ipite pembeni, weka trei mbili tu badala ya tano, na kila saa moja zibadilishane nafasi. Ila hakikisha kina kidhibiti joto. Vile vyenye swichi ya kuwasha na kuzima tu huwa na joto moja la kiwandani, na mara nyingi limevuka 46 kwa mbali. Hapo pati si mbichi tena, umeoka polepole.

Kikaushio cha feni ya nyuma, hiki cha umbo la kabati, hewa inatembea kwa ulalo kutoka nyuma kuja mlangoni. Inapita juu ya kila trei na chini yake, kwa hiyo karatasi haimzuii mtu. Unaweza kutoa trei moja ukaacha nafasi kwa vitu vinene. Kasoro zake: ni kikubwa, kinavuma kama feni ya dari iliyolegea, na upande wa nyuma unakauka mapema kuliko wa mlangoni. Geuza trei mbele nyuma katikati ya kazi, basi. Kwa pati, mimi nakipa hiki ushindi bila kusitasita.

Lakini namba iliyo kwenye kitufe usiiamini moja kwa moja, kwa kikaushio chochote. Inapima hewa, tena karibu na kipasha joto. Pati yenyewe, wakati bado ina maji mengi, inajipoza kwa kutoa mvuke, sawa na mwili unavyopoa kwa jasho. Kwa sababu hiyo wapishi wengi wa vyakula vibichi huanza na hewa ya nyuzi 60 kwa saa ya kwanza, kisha wanashusha hadi 46. Maji ya juu yanaondoka haraka, na katikati ya pati haifiki 46. Chomeka kipimajoto cha sindano katikati ya pati moja uone mwenyewe. Ukizidisha saa hiyo ya kwanza ikawa tatu, uso unakauka na kufunga, maji ya ndani yanakosa pa kutokea. Gome juu, uji ndani.

Sasa fudi prosesa. Watu wanauliza, blenda haitoshi? Blenda inataka majimaji ndiyo izungushe, nawe hutaki majimaji. Ukilazimisha, jozi, yaani walinati, zinatoa mafuta na kuwa siagi, pati inatoka kama donge la njugu zilizosagwa, na karatasi inabaki na mafuta. Unachotaka ni chembe za ukubwa wa punje ya mchele. Fudi prosesa ya bakuli la lita 1.5 au 2, yenye kisu cha umbo la S, unabonyeza na kuachia, sekunde moja moja, mara 10 hadi 15, ukikwangua kuta katikati. Huna? Mashine ya mkono ya kusagia nyama inafanya kazi hii vizuri sana, na wala haitumii umeme. Nashangaa haitajwi.

Vipimo vya pati 8. Gramu 200 za mbegu za alizeti, gramu 100 za jozi, gramu 150 za uyoga mweupe, gramu 120 za karoti, gramu 60 za kitunguu maji, gramu 30 za nyanya zilizokaushwa, gramu 40 za mbegu za kitani, chumvi gramu 8, maji ya limau kijiko kimoja cha chakula, punje moja ya kitunguu saumu, kijiko cha chai cha bizari nyembamba na kingine cha paprika ya moshi. Pilipili manga upendavyo.

Alizeti loweka saa 4, jozi saa 6 hadi 8, vyombo tofauti, na kama kuna joto weka kwenye friji. Maji ya jozi yatatoka ya kahawia. Yamwage, ndiyo yenye uchungu wa lile ganda jembamba. Suuza, chuja, kisha zikaushe kwa taulo. Usiruke hatua ya taulo, kila kijiko cha maji unachokiacha hapo utakilipia kikaushioni kwa umeme na saa.

Uyoga, karoti na kitunguu vikatekate vidogo, nyunyiza nusu ya chumvi, acha dakika 20. Maji yatajitokeza yenyewe. Weka kwenye kitambaa safi, kamua mpaka mkono uchoke. Kwa vipimo hivi utatoa zaidi kidogo ya nusu kikombe cha chai, na hayo ndiyo maji ambayo yangeivunja pati wakati wa kugeuza. Mboga na mbegu visage kila kimoja peke yake. Ukivitia pamoja, uyoga unageuka rojo kabla alizeti haijavunjika.

Kitani kisagwe kikavu, siku hiyohiyo. Punje nzima haitoi ute wa kutosha, na unga uliokaa wiki kadhaa kabatini unachacha mafuta na kuleta uchungu. Changanya vyote kwa mkono, kanda dakika mbili, acha dakika 15 kitani kinywe maji yaliyobaki. Halafu jaribu: finya donge kwenye kiganja, lisukume kwa kidole gumba. Likipasuka pembeni, ongeza kijiko cha maji. Likikunata vidoleni, ongeza kijiko cha kitani, kimoja tu. Kitani kikizidi, pati inateleza mdomoni kama mlenda, na hakuna viungo vitakavyoficha hilo.

Hapa ndipo mizani inapoingia. Pima kila pati gramu 95, ibonyeze kwenye ringi ya sentimita 9, unene sentimita 1.2 hadi 1.5. Usizidishe unene kwa tamaa ya kupata baga nene. Ukitaka nene weka mbili. Saa moja kwa nyuzi 60, halafu 46. Baada ya saa 4 hivi uso hautanata tena. Funika trei nyingine juu, pindua zote mbili kwa pamoja, bandua karatasi taratibu, pati zibaki kwenye wavu mtupu. Karatasi ikivutana na pati, ni mapema, rudisha kwa dakika 30.

Baada ya hapo sahau saa. Mtu mmoja atakuambia 8, mwingine 12, na wote wanasema kweli, kwa sababu unyevu wa hewa ya jikoni kwako si wa kwake. Pima pati moja. Ikishuka kutoka 95 mpaka 65 hivi, theluthi ya uzito imeondoka, na hiyo ni pati inayokunjika kidogo, yenye unyevu wa kutafunika. Ikifika 50 unakula biskuti. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja ni kifaa cha bei ndogo kabisa kwenye meza hii, nacho ndicho kinachosema ukweli kuhusu hivyo vingine vyote.

Usalama, na hapa naomba usikivu. Bakteria hukua kati ya nyuzi 5 na 60, na sisi tunaiweka pati yenye maji kwenye 46 kwa saa nyingi. Joto hili haliui vijidudu. Kinachotulinda ni maji kupungua haraka, chumvi, limau, pati nyembamba na mikono safi. Kwa hiyo mchanganyiko usikae mezani, na pati ikinuka uchachu usiionje kwanza, itupe. Mbegu na karanga za aina zote huweza kubeba bakteria wa salmonela, hivyo mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mwenye kinga dhaifu, mpikie pati hii hii kwenye oveni.

Jambo la pili, kunde. Kuna wanaotaka kuongeza maharage mekundu yaliyolowekwa ili protini ipande. Hapana! Maharage hayo mabichi yana lektini, aina ya protini, yenye sumu inayoleta kutapika na kuhara, na hutoweka kwa kuchemka sawasawa, kitu ambacho kikaushio hakiwezi kamwe. Uyoga wa shitake mbichi nao huwatoa baadhi ya watu vipele vya michirizi mwilini. Kaa na uyoga mweupe. Na kwa wale wenye msimamo mkali kuhusu "mbichi", soma pakiti: lozi zinazolimwa California, Marekani, zinazouzwa huko zimelazimika kupasteurishwa, yaani kutibiwa ili kuua vijidudu, tangu 2007, na korosho karibu zote hupitishwa kwenye moto au mvuke ili ganda lake lenye mafuta ya kuunguza litoke.

Oveni je? Nyingi huanzia nyuzi 50 au zaidi. Unaweza kuacha mlango wazi kidogo kwa mwiko na kuwasha feni, ila weka kipimajoto ndani, na uvumilie joto linalopanda na kushuka. Eya fraya, yale majiko ya kukaanga kwa hewa moto, za kawaida nyingi huanzia 80, hazifai. Zile zenye hali ya kukausha zinafaa, lakini nyingi zinabeba pati chache tu.

Kama huna lolote kati ya hivi, tengeneza pati nyembamba, punguza uyoga nusu, ziache kwenye friji saa 3 zigande, uzile siku hiyo hiyo kwenye jani la letusi. Zitakuwa laini, si za kushika kwa mkono mmoja. Hata zile zilizokauka vizuri, panga baga dakika ya mwisho, na weka jani kati ya pati na kipande cha nyanya, maana pati hii inanyonya maji yaleyale uliyohangaika kuyatoa.

Kwenye friji zinakaa siku 3 hadi 4, chombo kilichofungwa. Kwenye friza mwezi mmoja, karatasi katikati ya kila pati zisigandamane, na kuziyeyusha ni ndani ya friji, kisha dakika 30 kwenye kikaushio kwa nyuzi 42 ili zipate joto la mdomoni. Na wavu wa trei loweka mara tu unapomaliza, kabla hujakaa kula. Ute wa kitani ukishakauka kwenye yale matundu, utakwangua kwa mswaki mpaka kesho.