Kamera tatu zenye taa kwenye ukuta mmoja: uzoefu wangu wa miezi minane

Mtu aliyeingia uani kwangu usiku ule alirekodiwa kwa sekunde 22. Taa iliwaka, king'ora kikalia, arifa ikafika kwenye simu. Asubuhi nilipoitazama video nikiwa nimetulia, nilichokiona vizuri ni kofia. Kofia safi kabisa, hata mshono wake unahesabika, na chini ya kofia kivuli kitupu. Alibeba mpira wa kumwagilia maji akaenda zake.

Hiyo ilikuwa kamera ya kwanza. Tangu hapo nimefunga nyingine mbili, kila moja nikaiweka mbele ya nyumba, ukuta uleule, kwa wiki sita kabla ya kuzipangia sehemu za kudumu. Ya kwanza ni ya umeme, na video zake zinakaa mtandaoni kwa ada ya kila mwezi. Ya pili ni ya umeme pia, shingo yake inazunguka, inarekodi kwenye memori kadi. Ya tatu ni ya betri yenye paneli ndogo ya sola. Majina siyataji. Kampuni moja hutoa toleo zuri na toleo bovu chini ya jina lilelile, halafu, nikisema kweli, nusu ya aibu zilizonipata zilitokana na nilivyozifunga mimi mwenyewe.

Tuanze na kofia. Niliifunga kamera juu kabisa, karibu mita nne na nusu kutoka chini, nikidhani ikiwa juu itaona mbali na haitafikiwa na mkono. Ikaona mbali kweli: bustani yote, geti, na utosi wa kila anayepita. Fundi umeme aliyekuja baadaye aliitazama akacheka. "Hapo umefunga ya kuhesabu vipara." Tukaishusha hadi mita mbili na nusu hivi, urefu ambao mtu bado haifikii kirahisi lakini uso wake unaonekana.

Kushusha peke yake hakukutosha, ndipo nikaanza kupiga hesabu ambayo laiti ningeipiga dukani. Kuna kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, ambacho katika toleo lake la mwaka 2014 kilipima kwa pikseli (vinukta vinavyounda picha) ngapi zinaangukia kila mita ya eneo linalopigwa. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kuna mtu. 125 zinatosha kumtambua unayemfahamu tayari. Kumtambua mgeni usiyemjua, zinatakiwa 250. Sasa kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata upana wa mita 7.7 tu. Kamera hizi zenye taa nyingi zina lenzi pana ili zione ua mzima, na lenzi ya nyuzi 110 inafikisha upana huo mtu akiwa umbali wa mita 2.7 tu. Yaani karibu uweze kumpa mkono. Ya 4K, yenye pikseli mara mbili kwa upana, inasogeza umbali huo hadi mita 5 na kidogo. Hapo ni mchana, hewa safi, mtu katulia. Usiku anayetembea anaacha ukungu.

Kwa hiyo ukiona kwenye boksi wameandika kwamba kamera "inaona" mita 30, wanasema kweli, inaona kuna kitu. Kamera moja pana haiwezi kulinda ua mzima na kuleta sura kwa wakati mmoja. Nilichofanya ni kuchagua sehemu moja ambayo kila anayeingia lazima aipite, kwangu ni njia nyembamba kati ya geti na mlango, nikailenga hapo. Bustani nimeisamehe.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko ubora wa picha, ni arifa. Wiki ya kwanza kamera namba moja ilinitumia arifa kila gari lilipopita, kila tawi lilipotikisika, kila paka alipokatiza. Siku ya tatu nilikuwa nazifuta bila kuziangalia. Siku ya tano nikaizima sauti. Kamera iliyozimwa sauti kwa kuudhi ni sawa na mbwa anayebweka usiku kucha: hata akiona mwizi, nani ataamka?

Hapa inafaa kuelewa kihisi mwendo kinavyofanya kazi. Kile kibonge cheupe cha plastiki chini ya taa hakioni picha, kinapokea joto. Kimegawanywa vipande, na kinashtuka pale joto linapohama kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Matokeo yake ni mawili. Anayekatiza mbele ya kamera, kushoto kwenda kulia, hunaswa haraka. Anayeijia moja kwa moja hunaswa kwa kuchelewa. Na siku ya joto kali, ukuta na sakafu vikikaribia joto la mwili wa binadamu, kihisi kinakuwa kizito. Mimi nilikuwa nimekielekeza kwenye geti moja kwa moja, kila mtu anaingia akikifuata. Nilipokigeuza kidogo ili watu wakatize, taa ilianza kuwaka mtu akiwa bado yuko mbali. Haikunigharimu kitu zaidi ya bisibisi.

Kamera ya pili inaongeza hatua moja: baada ya kuona mwendo, inaichambua picha yenyewe kuamua kama ni mtu, gari au mnyama. Nikazima gari na mnyama, nikachora eneo la kuangaliwa liishie ndani ya ua, nikaacha barabara nje. Arifa zikashuka hadi mbili tatu kwa siku, na karibu zote zilikuwa za watu kweli. Kwa sababu hiyo peke yake ningeichagua hata kama picha yake ingekuwa mbaya zaidi. Nikisikia simu ikilia saa nane usiku, najua ni ya kutazama.

Isipokuwa buibui. Sijapata dawa ya buibui. Kamera zikiwa gizani hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na vitaa vinavyoutoa vimezunguka lenzi. Utando mmoja mbele ya lenzi unang'aa mweupe kama pazia, upepo ukiutikisa kamera inaamini ua umevamiwa. Kila Jumamosi nafuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fagio. Ukuta mweupe ulio karibu na lenzi una ubaya kama huo: nilipoibana kamera ya tatu chini ya upenu, mwanga wake uligonga upenu ukarudi, kamera ikadhani kuna mwanga mwingi, ikalifanya eneo lote kuwa giza. Niliisogeza nje kiganja kimoja, tatizo likaisha.

Taa yenyewe sasa. Watu hulinganisha wati, lakini kwa taa za LED kinachotakiwa kusomwa ni lumeni, kipimo cha mwanga unaotoka. Nyingi za aina hii ziko kati ya 2,000 na 3,000, na hapo lazima usome maandishi madogo. Arlo Pro 3 Floodlight, kwa mfano, hutoa lumeni 2,000 ikiwa kwenye betri na 3,000 ikichomekwa kwenye umeme. Ni kifaa kilekile, boksi lilelile. Mimi nimegundua kwamba 2,000 zinanitosha, na zikizidi zinaharibu: aliye karibu anakuwa mweupe kama karatasi, aliye nyuma yake anazama gizani. Kamera yangu ya pili inaniruhusu kupunguza mwanga, nimeiacha asilimia 60.

Kuna pia jirani. Alikuja mlangoni kwa upole sana. "Jirani, samahani, ile taa yako inaniamkia mimi kabla haijakuamkia wewe." Nikaenda kusimama chumbani kwake usiku ule, nikaona aibu. Vichwa vya taa nikaviinamisha chini, muda wa kuwaka nikaupunguza kutoka dakika tano hadi moja. Nikiwa kwake niligundua na jambo jingine, kwamba kamera ilikuwa inanasa dirisha lake na hata mazungumzo ya kibarazani. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu kesi ya Oxford, Uingereza, ya mwaka 2021, ambapo mahakama iliona kengele ya mlangoni yenye kamera na kamera nyingine za mwenye nyumba zilikiuka sheria ya ulinzi wa taarifa za jirani, na sauti iliyonaswa mbali ilimponza kuliko hata picha. Nimezima kurekodi sauti, na dirisha la jirani nimelifunika kwa kile kiraka cheusi kinachochorwa ndani ya programu. Kama kamera unayoitaka haina kiraka hicho, mimi nisingeinunua.

Umeme. Kamera mbili za kwanza niliziunga kwenye nyaya za taa ya zamani ya nje, fundi akazima swichi kuu, kazi ikaisha ndani ya saa moja. Hatukufikiria kwamba taa ya zamani ilikuwa na swichi sebuleni. Mama mkwe alikuja kukaa nasi, na yeye ni mtu wa kuzima taa kabla ya kulala, tabia nzuri. Usiku tatu mfululizo kamera ilikufa saa nne, nami nikawa nalaumu waifai, nikanunua hadi kiongeza mawimbi. Siku ya nne nilimwona kwa macho yangu akiinyoshea swichi mkono. "Mama, hiyo usiizime, tafadhali." Akaniuliza, "Taa gani inawashwa mchana na usiku?" Sikuwa na jibu zuri. Swichi ile fundi ameiondoa, shimo limefunikwa.

Kiongeza mawimbi hakikwenda bure lakini. Ukuta wa zege unameza mawimbi, na kamera iliyoandikwa kwamba inapokea masafa yote mawili ya waifai si lazima iwekwe kwenye 5 GHz. Ya 2.4 GHz ni ya polepole lakini inapenya kuta vizuri zaidi. Nilizihamishia zote huko, na video zikaacha kukatika katika.

Kamera ya betri niliinunua kwa uvivu wa nyaya, na uvivu huo nimeulipia. Ili kutunza chaji inalala, inaamka kihisi kikishtuka, na katika kuamka inapoteza sekunde moja au mbili. Mtu anayetembea haraka nilimpata akiwa ameshageuza mgongo. Zile za umeme zinakuwa macho muda wote, kwa hiyo zinaweza kuhifadhi na sekunde chache za kabla ya tukio, na katika sekunde hizo ndimo uso ulimo. Wiki za mawingu sola haikutosha, nikapanda ngazi kwenda kuichaji ndani. Hata hivyo sikuirudisha. Nyuma ya nyumba hakuna umeme, na tukio la huko ni mlango wa stoo, ambapo mtu anasimama muda mrefu akihangaika na kufuli. Pale inafaa.

Kuhusu kuhifadhi video, nitasema kwa ufupi. Ya kwanza, nilipochelewa kulipa ada, ilibaki kuwa dirisha la kuchungulia tu: naona moja kwa moja, sioni la jana. Ya pili haina ada, lakini mwizi akiing'oa kamera anaondoka na memori kadi na ushahidi wake. Nimeipanga itume nakala ya kila tukio kwenye diski iliyo ndani ya nyumba. Ukitaka irekodi bila kukoma, piga hesabu kwanza: video ya megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu GB 21.6 kwa siku, kwa hiyo kadi ya GB 128 inajaa ndani ya siku sita kabla ya kuanza kufuta za zamani. Na nunua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Ya simu niliyoitumia mwanzoni ilikufa mwezi wa tatu, kimya kimya, nikagundua siku nilipoihitaji.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ileile. Mwaka 2016 virusi vya Mirai vilijiingiza kwenye maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vya nyumbani kwa kujaribu nywila ambazo wenyewe hawakuwahi kuzibadilisha. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Na kamera yoyote inayotuma video kwa kampuni, usiielekeze kwenye kitu ambacho usingependa mfanyakazi asiyekujua akione. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera za nyumbani, kwa kuwaachia wafanyakazi na makandarasi waangalie video za faragha za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Zangu zote zinatazama nje.

Ya kwanza nimemgawia shemeji, anayetaka kuona tu mizigo ikifika. Ya pili iko kwenye njia ya geti, mita mbili na nusu juu. Wiki iliyopita mjusi amehamia nyuma ya kichwa cha taa, wadudu wamemjia wenyewe, naye kila saa tatu usiku anapita mbele ya lenzi, mkubwa kama mamba. Kamera inaniandikia: mtu.