Uzoefu wangu: Kifaransa bila woga, darasa la jioni Kirumba

Nauza kayabo (sangara wa chumvi) na dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, na wateja wangu wakubwa wanatoka Kongo. Kiswahili wanakijua vizuri, lakini wakitaka kushauriana bei wao kwa wao wanahamia Kifaransa, nami nabaki kuwaangalia midomo. Ndiyo maana nilijiunga na darasa linalofundisha kwa njia ya sugestopedia, yaani kujifunza lugha kwa utulivu, muziki na maigizo. Naandika kwa mtu mzima mwenzangu anayetamani lugha ila akikumbuka viboko vya sekondari moyo unakataa.

Njia hii ilianzishwa na Georgi Lozanov, daktari wa magonjwa ya akili wa Bulgaria, miaka ya 1960 na 1970. Aliamini kwamba kinachomkwamisha mwanafunzi mara nyingi ni hofu, ile hali ya kujiambia "hili siliwezi" kabla hata hujajaribu. Mwalimu anaanza na kuiondoa hofu hiyo, sarufi inafuata.

Kwetu kila mmoja alichagua jina la Kifaransa na kazi mpya. Mama mmoja muuza sangara, mtu mkimya kabisa, akawa daktari wa Lyon, Ufaransa. Ndani ya jina lile alianza kuongea, na akikosea haoni aibu.

Kisha inakuja sehemu niliyoipenda kuliko zote. Unapewa mazungumzo marefu, kurasa kadhaa, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mwalimu anaweka Mozart au Beethoven, anasoma huku sauti yake ikipanda na kushuka pamoja na muziki, nanyi mnafuatisha kwenye karatasi. Baadaye karatasi zinafungwa, mnaegemea viti, anasoma tena kwa mwendo wa kawaida, safari hii na Vivaldi au Bach. Hakuna kukariri. Nyumbani unapitia maandishi yale kidogo kabla ya kulala na asubuhi ukiamka, basi.

Kipindi kinachofuata ni maigizo. Mwalimu akawa mnunuzi kutoka Bukavu, mimi muuzaji. Nikasema "la poisson". Akaitikia kwa furaha, "Ah, le poisson! C'est combien?" tukaendelea na bei. Hakunikatisha, hakunicheka, na tangu hapo neno hilo sijalikosea. Mtu aliyewahi kusimamishwa mbele ya darasa zima kwa sababu ya kosa moja ataelewa kwa nini nalithamini sana jambo hili.

Yapo yasiyoniridhisha. Lozanov alipendelea kundi la watu wapatao 12. Letu lilizidi, na wa nyuma hawakusikia vizuri, hasa umeme ukikatika na muziki ukatoka kwenye simu. Kuandika kunabaki nyuma pia: naongea, lakini kuandika ujumbe wa oda bado nahangaika. Na yale madai yake kwamba mtu anaweza kushika maneno mengi kupita kiasi kwa muda mfupi, ambayo wataalamu wengine waliyapinga, mimi sikuyaona. Yaliyonikaa kichwani ni yale tuliyoyaigiza.

Ada si ndogo kwa mtu wa mwaloni, ila sijutii. Sasa wateja wakianza kushauriana nawaingilia kwa Kifaransa, nao wanafurahi, biashara inakwenda. Anayejiandaa na DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa, atafute na mwalimu wa sarufi pembeni. Mfanyabiashara aende tu, ila kabla ya kulipa aulize darasa lina watu wangapi, na aombe kukaa kipindi kimoja asikilize.